Istilahi za Uchunguzi wa Asidi za Mafuta katika Mimea: Mfano wa Mbegu za Mkoa wa Songwe

Utangulizi

Neno mafuta ni miongoni mwa maneno yaliyobebeshwa mizigo mingi katika Kiswahili. Mwenye kusimama Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, hulisikia kutwa nzima, na kila alisikiapo lina maana yake. Dereva wa gari la tangi anayengoja kuvuka kwenda Zambia au Kongo hubeba mafuta. Mama anayekaanga maandazi kando ya barabara hununua mafuta. Mwenye duka huuza mafuta ya taa, mafuta ya kupaka na mafuta ya nywele. Bomba la TAZAMA, lililoanza kazi mwaka 1968 kati ya Dar es Salaam na Ndola, nalo huitwa bomba la mafuta. Pamoja na wingi huu wa maana, hapana anayepotea. Mazingira ya mazungumzo hutosha kumwonyesha msikilizaji ni mafuta gani yanayosemwa.

Lakini kuna mahali ambapo mazingira hayo hayapo, napo ni katika karatasi ya maabara. Karatasi hiyo ina majina na tarakimu tu. Anayeisoma hana uso wa msemaji wa kuutazama wala chombo cha kunusa. Ikiwa istilahi zake hazikuchaguliwa kwa uangalifu, msomaji ataelewa kinyume, na kuelewa kinyume katika jambo hili huleta hasara ya fedha, na mara nyingine hasara ya jina jema.

Mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 kwa kugawanywa Mkoa wa Mbeya, unafaa sana kuwa mfano wetu. Katika wilaya zake za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe hulimwa alizeti, ufuta, karanga, kahawa na parachichi, na mimea yote hii ina mafuta ndani yake. Wakamuaji wadogo ni wengi, na soko la mpakani li karibu. Mkamuaji anayetaka kuuza bidhaa yake mbali na kijiji chake hapana budi siku moja ataombwa cheti cha uchunguzi. Katika makala haya tutaeleza uchunguzi huo unavyofanywa hatua kwa hatua, na katika kila hatua tutapima istilahi zinazohitajika: zipi zinafaa, zipi zinapotosha, na zipi tunazipendekeza.

Asidi ya mafuta ni kitu gani?

Mafuta ya mimea kwa sehemu kubwa yamejengwa kwa vipande viwili. Kipande cha kwanza ni gliseroli, ambayo tunaweza kuifananisha na mti mfupi wenye vishikizo vitatu. Kipande cha pili ni mnyororo mrefu wa kaboni, na katika kila kishikizo huning'inia mnyororo mmoja. Mnyororo huo ndio asidi ya mafuta. Gliseroli moja na minyororo yake mitatu huitwa trigliseridi. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul ndiye aliyeudhihirishia ulimwengu muundo huu, katika kitabu chake cha mwaka 1823 kilichokusanya uchunguzi alioufanya kwa miaka mingi juu ya mafuta ya wanyama na sabuni.

Mafuta yote ya kula yana gliseroli ile ile. Kinachotofautisha alizeti na nazi, au karanga na mawese, ni minyororo. Mnyororo mmoja hutofautiana na mwingine kwa mambo mawili: urefu wake, yaani idadi ya kaboni, na idadi ya vifungo maradufu vilivyomo kati ya kaboni na kaboni. Ndiyo maana wataalamu huandika tarakimu mbili zilizotengwa kwa nukta mbili. Asidi palmitiki ni 16:0, yaani kaboni 16 bila kifungo maradufu hata kimoja. Asidi steariki ni 18:0. Asidi oleiki ni 18:1. Asidi linoleiki ni 18:2, na asidi linoleniki ni 18:3. Tunapendekeza tarakimu hizi zisomwe "kumi na sita kwa sifuri", "kumi na nane kwa mbili", na kadhalika, ili mwalimu darasani na mtaalamu maabarani wawe na matamshi mamoja.

Sasa tulitazame jina lenyewe. Fungu la maneno asidi ya mafuta ni sahihi kisarufi, nalo limezoeleka. Kasoro yake ni kwamba linasema mambo mawili kwa mpigo. Laweza kuwa na maana ya aina ya kitu, yaani mnyororo tuliokwisha ueleza. Vile vile laweza kuwa na maana ya sifa, yaani ukali ulioingia katika mafuta, kama tunavyosema uchungu wa dawa au chumvi ya mchuzi. Katika maabara mambo haya mawili ni mbali kama mbingu na ardhi. La kwanza ndiyo maumbile ya mafuta yenyewe, na hayakosekani. La pili ni dalili ya kuharibika.

Tuchukulie kwamba mkamuaji wa Vwawa amepewa karatasi iliyoandikwa hivi: "Asidi ya mafuta: 3.6. Asidi oleiki: 31. Asidi linoleiki: 58." Mtu huyu anaijua asidi ya betri ya gari, tena anajua kwamba hutoboa nguo. Akiona 31 na 58 atadhani kwamba ameuza sumu, na akiona 3.6 atadhani kwamba hicho ndicho kiasi kidogo cha kumliwaza. Kumbe mambo ni kinyume. Zile tarakimu kubwa zinasema kwamba mafuta yake ni alizeti ya kawaida, na ile ndogo ndiyo inayomwonya kwamba mbegu zake zimeanza kuharibika. Karatasi haikusema uongo hata kidogo. Istilahi ndizo zilizomnyima haki ya kuielewa.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza kwamba aina ya kitu iandikwe kwa neno moja, asidimafuta, kwa njia ile ile iliyotupatia batamzinga, mwanahewa na kiinimacho. Sifa ya ukali iitwe uasidi wa mafuta. Kwa kutengana hivi, "asidimafuta za alizeti" haziwezi kuchanganywa na "uasidi wa alizeti". Katika sehemu zinazofuata tutayatumia maneno haya.

Kutoka shambani hadi maabarani

Kazi ya kwanza ni kupata sampuli. Gunia moja la alizeti lina maelfu ya punje, na maabara huhitaji gramu chache tu. Kama punje zimechotwa juu ya gunia peke yake, majibu yatakuwa ya juu ya gunia peke yake. Hivyo huchotwa sehemu mbalimbali, zikachanganywa, zikatandazwa, zikagawanywa mafungu manne. Mawili yanayokabiliana huondolewa, na mawili yaliyobaki huchanganywa na kugawanywa tena, mpaka kibaki kiasi kinachotakiwa. Kitendo hiki tunaweza kukiita kugawa robo, na Kiswahili kinatosha bila kukopa.

Punje hukaushwa na kusagwa. Kisha hutiwa katika kifuko cha karatasi na kuoshwa mara nyingi kwa kiyeyushi, aghalabu heksani, ambacho huyeyusha mafuta na kuacha vinginevyo. Chombo kinachotumika sana kwa kazi hii hubeba jina la Mjerumani Franz von Soxhlet, aliyekieleza mwaka 1879. Kiyeyushi huchemka chini, mvuke wake hupanda, hupozwa na kudondoka juu ya unga. Chumba kikijaa, kioevu hushuka chenyewe na mzunguko huanza upya. Mwisho wa kazi kiyeyushi hufukuzwa kwa joto, na kinachobaki hupimwa kwa mizani.

Je, kinachobaki kiitweje? Hapa tunaona nafasi njema ya kulifufua neno la zamani, uto. Watu wa pwani wanalijua: uto wa nazi, uto wa ufuta, uto wa samaki. Ni mafuta yaliyotolewa katika kiumbe, wala hayawezi kuwa petroli. Neno hili lina faida mbili. Kwanza, linaondoa utata wa neno mafuta mahali ambapo mizigo ya aina zote hupita pamoja. Pili, ni letu, na kanuni inayofuatwa katika kuunda istilahi ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake kabla ya kubisha hodi kwa jirani. Hatusemi kwamba mnunuzi wa Tunduma aache kusema "nipe mafuta ya kula". Tunasema kwamba katika karatasi ya maabara kiasi kilichotolewa katika mbegu kiitwe kiasi cha uto. Ufuta una uto wa karibu nusu ya uzito wake. Karanga hukaribia hapo. Na punje ya kahawa ya arabika, ambayo wengi hawaidhanii kuwa na mafuta, ina uto wa kiasi cha 15 kwa mia. Makapi yanayobaki baada ya kukamua mbegu yana jina lake tayari, mashudu, nalo halihitaji kubadilishwa.

Kupambanua minyororo

Uto ukishapatikana, swali kubwa hubaki: ni minyororo gani iliyomo, na kila mmoja kwa kiasi gani? Tangu mwaka 1952, wakati A. T. James na A. J. P. Martin walipochapisha njia yao ya kutenga asidi kwa kutumia gesi, kazi hii imekuwa ikifanywa kwa kromatografia ya gesi.

Minyororo kama ilivyo haigeuki mvuke kwa urahisi. Trigliseridi ni nzito mno, na asidimafuta peke yake hunata njiani. Kwa hiyo kwanza huvunjwa kutoka katika gliseroli na kuunganishwa na methanoli. Kitu kipya kinachopatikana huitwa esta ya metili, nacho hugeuka mvuke bila taabu. Kitendo hiki chaweza kuitwa umetilishaji. Tunakubali kwamba neno hili ni geni masikioni, lakini mzizi wake unafanana na jina la kitu kinachotokea, na viambishi vyake ni vya Kiswahili kabisa; mwanafunzi ajuaye usafirishaji na uelimishaji hatashindwa na umetilishaji.

Esta hizo hudungwa katika mrija mwembamba sana wenye urefu wa makumi ya mita, uliokunjwa kama kamba ndani ya tanuri. Ndani ya mrija umepakwa utando unaozishika esta na kuziachilia, kila moja kwa kadiri yake, huku gesi ikizisukuma mbele. Aijuaye Tunduma ataelewa mara moja. Magari mia yakifika mpakani kwa wakati mmoja hayavuki kwa wakati mmoja. Lenye mzigo mdogo na karatasi chache hupita upesi. Lenye mzigo wa aina nyingi hukaguliwa hapa na pale, likachelewa. Ndivyo ilivyo ndani ya mrija. Mnyororo mfupi hutangulia, mrefu hufuata. Na katika mirija inayopendelewa kwa kazi hii, minyororo yenye urefu mmoja hutengana kwa vifungo: 18:0 hutoka kwanza, kisha 18:1, kisha 18:2, na 18:3 huja nyuma yao.

Muda ambao kila esta hukaa ndani ya mrija tunapendekeza uitwe muda wa ukaaji. Mrija wenyewe uitwe mrija mtengo, kwa kuwa kazi yake ni kutenga. Mwishoni mwa mrija pana kigunduzi, ambacho ni mwali mdogo wa moto. Kila esta inapoungua humo hutoa chembe za umeme, na chombo huchora mlima katika mchoro. Mlima huo uitwe kilele, na eneo lake ndilo linaloonyesha kiasi. Ili kujua kilele kipi ni cha nani, maabara hupitisha kwanza mchanganyiko wa esta zinazojulikana, yaani vielelezo sanifu, na kulinganisha muda wa ukaaji. Maeneo ya vilele vyote yakijumlishwa, kila kimoja huandikwa kama sehemu ya mia.

Hapa panahitaji tahadhari. Majibu yanayosema "asidi linoleiki 58 kwa mia" yana maana ya 58 katika kila 100 za asidimafuta zilizopatikana, wala si 58 katika kila gramu 100 za mbegu. Mbegu yenye uto kidogo na mbegu yenye uto mwingi zaweza kutoa tarakimu ile ile. Kwa hiyo karatasi isiandike "kwa mia" ikaishia hapo. Iandike "kwa mia ya asidimafuta zote". Maneno matatu haya hayaongezi gharama, na huokoa ugomvi.

Kushiba na kutoshiba

Mnyororo usio na kifungo maradufu umebeba haidrojeni zote unazoweza kubeba. Wenye kifungo kimoja au zaidi bado una nafasi. Wafasiri wengi wametumia kitenzi kushiba: zilizoshiba na zisizoshiba. Kwa upande wa elimu ya kemia tafsiri hii ni nzuri, kwa kuwa kweli kilichoshiba hakipokei tena.

Hata hivyo istilahi haiishi ndani ya maabara tu. Katika Kiswahili kushiba ni neema. Mgeni huulizwa kama ameshiba, na mtoto aliyeshiba ni mtoto mwenye afya. Mnunuzi akisoma kwenye kopo "mafuta yasiyoshiba", anaweza kudhani kwamba mafuta hayo ni hafifu, nayo yaliyoshiba ndiyo bora. Lakini ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kupunguza yaliyoshiba na kuweka yasiyoshiba mahali pake. Tafsiri iliyo sahihi kwa mkemia inamwelekeza mlaji upande usiofaa.

Dawa yake si kulitupa neno. Dawa ni kulikamilisha. Tunapendekeza iandikwe asidimafuta zilizoshiba haidrojeni na asidimafuta zisizoshiba haidrojeni, angalau mara ya kwanza katika kila andiko na daima katika kibandiko cha bidhaa. Kinachoshiba kikitajwa, msomaji hatadhani kwamba ni tumbo lake. Zenye kifungo kimoja ziitwe za kifungo kimoja, na zenye vingi ziitwe za vifungo vingi. Na zile mbili ambazo mwili wa binadamu hauwezi kuziunda, yaani asidi linoleiki na asidi linoleniki ya aina ya alfa, ziitwe asidimafuta za lazima, kwa kuwa ni lazima zipatikane katika chakula.

Majina ya pekee: kutafsiri au kutohoa?

Wako wanaouliza kwa nini tusitafsiri majina yote. Palmitiki imetokana na mchikichi, miristiki na kungumanga, na arakidiki na karanga. Kwa nini basi tusiseme asidi ya mawese, asidi ya kungumanga, asidi ya karanga?

Jibu limo katika maabara yenyewe. Asidi palmitiki haimo katika mawese peke yake. Imo katika kahawa, katika alizeti na katika maziwa ya ng'ombe. Asidi arakidiki, ingawa ina jina la karanga, katika karanga ni kidogo tu, kiasi cha 1 hadi 2 kwa mia. Karatasi ikiandika kwamba alizeti ya Mbozi ina "asidi ya mawese 6", mnunuzi atasema kwamba ametiliwa mawese, na mkamuaji mwaminifu atavunjiwa heshima kwa kosa la kamusi. Hivyo majina haya yatoholewe yapate matamshi ya Kiswahili na kuachwa hivyo: palmitiki, steariki, oleiki, linoleiki, linoleniki, lauriki, miristiki, arakidiki. Yasikatwe, wala yasiandikwe kwa namna tatu katika karatasi moja.

Faida ya kujua: mfano wa uchanganyaji

Tume ya Codex Alimentarius, iliyoundwa mwaka 1963 na Shirika la Chakula na Kilimo pamoja na Shirika la Afya Duniani, imeweka mipaka ya asidimafuta kwa kila aina ya mafuta ya mimea. Kwa alizeti ya kawaida, asidi palmitiki huwa kati ya 5.0 na 7.6, oleiki kati ya 14.0 na 39.4, na linoleiki kati ya 48.3 na 74.0 kwa mia ya asidimafuta zote. Kwa ufuta, oleiki na linoleiki hukaribiana, kila moja ikiwa karibu 40. Kwa nazi, lauriki peke yake hufika karibu nusu. Mafuta ya mawese yana palmitiki zaidi ya 39.

Sasa tufanye hesabu. Mtu amechukua lita 80 za alizeti yenye palmitiki 6, akaongeza lita 20 za mawese laini yenye palmitiki 40. Mchanganyiko utakuwa na palmitiki ya 4.8 kutoka kwa alizeti na 8 kutoka kwa mawese, jumla 12.8. Rangi yaweza kudanganya na harufu yaweza kufichwa, lakini 12.8 imevuka mpaka wa 7.6 waziwazi. Mawese yenyewe ni chakula halali; dhambi ni kuyauza kwa jina la alizeti.

Lakini uchunguzi huo huo waweza kumwonea asiye na hatia kama msomaji hana elimu ya kutosha. Zipo aina za alizeti zilizozalishwa ili ziwe na oleiki nyingi, 75 au zaidi, na linoleiki yao ni ndogo. Hizo zina mipaka yake pekee. Tena hali ya hewa ina mkono wake. Katika mbegu ya alizeti, kimeng'enya ndicho kinachoigeuza oleiki kuwa linoleiki, na kazi yake huenda vizuri zaidi katika ubaridi. Punje inayojaa wakati wa joto kali hubaki na oleiki nyingi. Inayojaa wakati wa baridi hupata linoleiki nyingi. Mkoa wa Songwe una hali zote mbili: uwanda wa juu wa Mbozi una kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari na una ubaridi, ilhali bonde la Rukwa upande wa Kamsamba liko karibu mita 800 na lina joto. Mbegu za gunia moja zikipandwa pande mbili hizo, tusishangae zikileta karatasi mbili zisizofanana. Tofauti hiyo iitwe tofauti ya mahali, wala isiitwe dosari.

Uasidi na kuchacha

Tumalizie na tarakimu ile ndogo. Mbegu zikihifadhiwa na unyevu, au zikivunjika na kukaa kabla ya kukamuliwa, baadhi ya minyororo hukatika kutoka katika gliseroli na kuelea peke yake. Hizi ndizo asidimafuta huru. Hupimwa kwa miligramu za hidroksidi ya potasiamu zinazohitajika kuzituliza katika gramu moja ya mafuta, na tarakimu hiyo ndiyo namba ya uasidi. Mpaka wa Codex ni 4.0 kwa mafuta yaliyokamuliwa bila kusafishwa kiwandani, na 0.6 kwa yaliyosafishwa. Namba ya 4.0 ni sawa na karibu 2 kwa mia ya asidi oleiki iliyo huru. Mkamuaji wetu wa Vwawa mwenye 3.6 yumo ndani ya mpaka, lakini ameukaribia. Na aliyemwelewesha hivyo amemsaidia kuliko aliyempa karatasi peke yake. Dawa yake i ghalani: kukausha vizuri, kutovunja mbegu mapema, na kukamua bila kuchelewa.

Uharibifu wa pili huletwa na hewa. Oksijeni hushambulia vifungo maradufu, na mafuta hutoa harufu mbaya. Kiswahili kina neno kuchacha, nalo latosha. Ila tuangalie kwamba uasidi na kuchacha ni mambo mawili: mafuta yaweza kuwa na uasidi mkubwa kabla hayajachacha, na yaweza kuchacha huku uasidi wake ni mdogo. Kila moja lina kipimo chake, na karatasi isiyatie katika neno moja la "ubovu".

Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

Asidimafuta: mnyororo wa kaboni unaoungana na gliseroli kuunda mafuta.
Asidimafuta huru: asidimafuta iliyokatika kutoka katika gliseroli.
Asidimafuta za lazima: zile ambazo mwili hauwezi kuziunda.
Kifungo maradufu: muungano wa mara mbili kati ya kaboni na kaboni.
Kigunduzi: sehemu ya chombo inayotambua kinachotoka katika mrija mtengo.
Kilele: mlima katika mchoro unaowakilisha esta moja.
Mrija mtengo: mrija ambamo esta hutengana.
Muda wa ukaaji: muda ambao esta hukaa katika mrija mtengo.
Namba ya uasidi: kipimo cha asidimafuta huru katika gramu moja ya mafuta.
Uasidi wa mafuta: ukali unaoletwa na asidimafuta huru.
Umetilishaji: kugeuza asidimafuta kuwa esta za metili.
Uto: mafuta yaliyotolewa katika mmea au mnyama, hasa kwa kipimo cha maabara.

Hitimisho

Tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia usalama wa chakula nchini imekuwa mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania, na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali nayo huendelea na uchunguzi wake. Vyombo vipo na wataalamu wapo. Linalobaki ni daraja kati ya mtaalamu na yule aliyelima, akakamua, na kulipia uchunguzi. Daraja hilo ni lugha. Mkulima hana haja ya kuwa mkemia, lakini ana haki ya kujua kama karatasi aliyoilipia inamsifu au inamwonya.

Mapendekezo haya si amri. Tunawaomba walimu wa sayansi, watu wa maabara, mabwana na mabibi shamba, na wakamuaji wenyewe wayajaribu, na pale yanapokwama waseme. Tunawaomba pia wenyeji wa Songwe, wasemaji wa Kinyiha, Kinyamwanga, Kindali, Kimalila na Kiwanda, watuletee maneno ya kwao kuhusu mbegu, kukamua, uto na kuchacha. Huenda neno tunalolitafuta mbali linatamkwa kila siku penye mashine ya kukamulia, nasi hatujaenda kulisikiliza.